ED ya siku tatu: waajiri wa Dar wanaziba pasipovuja

Tangu kima cha chini kipya cha mshahara wa sekta binafsi kianze kutumika Januari 2026, mbao za matangazo viwandani hazijapumzika. Kima hicho kilipanda kutoka wastani wa Sh275,060 hadi Sh358,322 kwa mwezi, na mwajiri aliyelazimika kuongeza hapa hutafuta pa kufidia pale. Waraka mmoja nimeusoma kwa macho yangu, umebandikwa juu ya mashine ya alama za vidole katika kiwanda kimoja kandokando ya Barabara ya Nyerere. Una mambo matatu. Siku ya kwanza ya kuumwa haitalipwa hata kama mtu ana ED, yaani cheti cha daktari cha kumpumzisha kazi. ED yenyewe iletwe ndani ya saa 24, ikichelewa ni utoro. Na atakayemaliza mwezi bila kukosa hata siku moja atapata posho ya mahudhurio ya Sh30,000. Watu wa utumishi wa viwanda vingine viwili wameniambia na wao wanaandaa wa kwao. Wafanyakazi wanauita ukatili, wakubwa wanauita nidhamu. Lakini ukiwasikiliza vizuri, wote wanaanzia palepale: kwamba sheria yetu inamlipa mgonjwa vizuri mno, na kwa hiyo wapo watakaoitumia kukaa nyumbani. Tofauti yao ni kwamba mmoja anataka neema hiyo iendelee na mwingine anataka ipunguzwe.

Nadhani wote wamekosea pa kuanzia. Malipo ya ugonjwa yanaathiri mahudhurio, hilo halina ubishi, na nitaleta ushahidi wake hapa chini hata kama hausaidii upande wangu. Ila kwa Dar es Salaam, kinachomfanya mtu mwenye homa ya siku moja akose kazi siku tatu ni bei ya karatasi anayotakiwa kuileta ili alipwe. Sheria yetu ni karimu kwa ugonjwa mrefu na bahili kwa ugonjwa mfupi. Waraka huu unaongeza ubahili kwenye ugonjwa mfupi, ambako tayari pamebanwa, na matokeo yake yatakuwa siku nyingi zaidi za kukosa watu, zikiandikwa kwa jina jingine.

Sheria yenyewe inatajwa sana na kusomwa kidogo. Kifungu cha 32 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinampa mwajiriwa likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 126 katika mzunguko wa likizo: 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Nimewasikia maofisa utumishi wenye vyeti ukutani wakiitaja hiyo 126 kama haki ya kila mwaka. Siyo. Mzunguko wa likizo hii ni miezi 36, kwa hiyo ukigawanya unapata siku 42 kwa mwaka, nusu yake kwa nusu mshahara. Bado ni nyingi kwa majirani: sheria ya Kenya ya mwaka 2007 inaanzia siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu kwa mwaka, na ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mgonjwa mwezi mmoja wa mshahara kamili. Sasa soma mstari unaofuata. Mwajiri halazimiki kulipa kama mwajiriwa hakuleta cheti cha daktari aliyesajiliwa, au cha tabibu mwingine ambaye mwajiri anamkubali, na hatakiwi kumkataa bila sababu ya msingi. Hakuna siku ya msamaha. Mafua ya kutwa moja na upasuaji wa tumbo vinadaiwa karatasi ileile. Hapo utaona pia kwamba kipengele cha kwanza cha waraka kinagongana na sheria waziwazi, maana mwenye cheti analipwa kuanzia siku ya kwanza na tangazo la ubaoni haliwezi kulifuta hilo. Hilo nawaachia wanasheria na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mimi nauliza swali la mwenye kiwanda: je, dawa hii itaponya?

Mchukue mfanyakazi anayelipwa huo wastani wa Sh358,322 kwa siku 26 za kazi. Siku yake moja ina thamani ya takriban Sh13,780. Anaamka saa kumi alfajiri Chanika, kichwa kinagonga, miguu haina nguvu. Akitaka kulipwa siku hiyo lazima apate ED. Zahanati ya mtaani itamtoza kumwona daktari, kipimo cha malaria, kipimo cha mkojo (sijawahi kuona zahanati ya Dar iliyomwacha mtu aondoke bila kupima mkojo), kisha dawa na nauli. Kwa hesabu yangu ya mtaani, akitoka na elfu kumi na tano amebahatika, na elfu ishirini ni kawaida. Anatumia ishirini ili aokoe kumi na nne pungufu. Mwenye bima hatoi pesa, anatoa foleni: Amana, Temeke au Mwananyamala, asubuhi nzima kwenye benchi la mbao, na homa ambayo dawa yake ilikuwa kitanda.

Mbele yake kuna njia tatu, na kila moja ni ya mtu mwenye akili timamu. Anaweza kumeza panadol mbili na kwenda kazini hivyohivyo. Anaweza kulala, akose mshahara wa siku hiyo, na aandikwe mtoro, akijua kwamba kanuni za mwaka 2007 zinahesabu kukosa kazi zaidi ya siku tano bila ruhusa wala sababu kuwa kosa zito. Au, akishaamua kuilipia karatasi, aombe ya siku tatu. Elfu ishirini kwa siku moja ni hasara. Kwa siku tatu, elfu ishirini hiyohiyo inaokoa zaidi ya elfu arobaini. Daktari naye hana sababu ya kubishana, kwa kuwa dozi ya dawa mseto ni ya siku tatu na kuandika siku tatu hakuhitaji maelezo.

Niliwahi kutunza faili la ED kwa miaka minne katika kiwanda cha plastiki. Karibu zote zilikuwa za siku tatu. Ya siku moja ikija tuliishika juu juu na kuitazama, tukidhani daktari amekosea. Mwandiko wa mteremko, "malaria, UTI", muhuri wa zambarau uliopigwa upande, na mara nyingi kona imelowa jasho la mfuko wa shati. Bosi wangu alilisoma faili lile kama ushahidi wa uvivu na mimi nilimwamini. Ilinichukua muda kuelewa kwamba tulikuwa tumefunga duka la rejareja, kisha tukashangaa kwa nini wateja wananunua kwa jumla.

Sasa upande wa waajiri, na sitaudharau. Ushahidi kwamba malipo yakibanwa watu wanaonekana zaidi kazini upo, na ni mzuri. Ujerumani, mwaka 1996, serikali ya Helmut Kohl ilishusha malipo ya kisheria ya mgonjwa kutoka asilimia 100 ya mshahara hadi 80 kwa wiki sita za mwanzo. Migomo ikazuka, ukiwamo wa Daimler-Benz, na vyama vya wafanyakazi vikaipata tena ile 100 katika mikataba mingi, lakini kwa wale ambao punguzo liliwagusa kweli, siku za kuumwa zilipungua. Serikali ya Gerhard Schröder ikalifuta punguzo hilo kuanzia Januari 1999. Sweden iliiondoa siku ya kwanza isiyolipwa mwishoni mwa 1987, mahudhurio yakashuka. Mwaka 1991 ikapunguza kiwango cha malipo, yakapanda, na mwaka 1993 ikairudisha ile siku. Ushahidi ninaoupenda zaidi ni wa mji wa Gothenburg, hukohuko Sweden, mwaka 1988: waliozaliwa tarehe shufwa waliruhusiwa kuumwa wiki mbili bila cheti cha daktari, waliozaliwa tarehe witiri wakabaki na wiki moja. Tarehe ya kuzaliwa haina uhusiano na mafua. Hata hivyo, waliopewa wiki mbili walikaa nyumbani muda mrefu zaidi. Na hoja haijafa, maana Januari 2025 mkuu wa kampuni ya bima ya Allianz, Oliver Bäte, alipendekeza Wajerumani warudishiwe siku ya kwanza isiyolipwa. Kwa hiyo aliyeandika waraka wa Barabara ya Nyerere ana ndugu Ulaya.

Tatizo ni kuazima jibu bila kuazima swali. Wale "waliobanwa" wa Gothenburg walikuwa bado wana siku saba ambazo neno lao lilitosha. Sheria ya Ujerumani kwa kawaida inadai cheti ugonjwa ukizidi siku tatu, ingawa mwajiri anaweza kukitaka mapema. Majaribio yale yalipima tofauti kati ya kamba ndefu na kamba fupi. Sisi hatuna kamba, tumefungwa tangu dakika ya kwanza, na anayekaza fundo lililokwisha kukazwa asitegemee matokeo ya aliyepunguza kamba ya mita kumi. Tena Mswidi hakulipia kipimo cha mkojo ili apate karatasi. Uingereza, ambayo kwa miaka mingi mgonjwa wake hakupata malipo ya kisheria kwa siku tatu za mwanzo, ilipitisha Sheria ya Haki za Ajira ya mwaka 2025 inayoyaleta malipo hayo kwenye siku ya kwanza kuanzia Aprili 2026. Nchi iliyokuwa na siku za kusubiri inaziacha, na sisi ambao sheria yetu haina tunazibandika ukutani.

Halafu kuna swali ambalo takwimu za mahudhurio hazilijibu: siku zilizopungua zimekwenda wapi? Malipo yakibanwa, homa haisomi waraka. Sehemu ya waliorudi kazini walikuwa wazima waliokuwa wanatega, na hao ni faida kwa mwajiri. Sehemu nyingine ni wagonjwa wanaosimama mbele ya mashine. Januari 2024, ugonjwa wa macho mekundu ulipoingia Dar, nilikuwa bado kiwandani. Dada mmoja wa kitengo cha kufungasha alikuja na miwani ya jua, nasi tukacheka. Alikuwa ameshapiga hesabu: ED ya macho ingetaka hospitali ya rufaa, na yeye hakuwa na nauli ya kwenda kule na kurudi. Baada ya wiki mbili mstari wa kufungasha ulifanana na bendi ya muziki wa dansi jukwaani, kila mtu na miwani yake, na kasi ya kazi ilikuwa ya watu wasioona vizuri. Kwenye daftari la mahudhurio mwezi ule ulikuwa wa kawaida kabisa.

Wachumi wamelipima hili kwa upana. Marekani haina sheria ya taifa ya likizo ya ugonjwa yenye malipo, ila miji na majimbo yameanza kutunga za kwao, San Francisco ikitangulia mwaka 2007 na jimbo la Connecticut mwaka 2012. Stefan Pichler na Nicolas Ziebarth walifuatilia maeneo hayo na kukuta magonjwa ya aina ya mafua yakipungua baada ya sheria kuanza. Mwaka 2020, Bunge la Marekani lilipotoa likizo ya dharura ya korona, wao pamoja na Katherine Wen walikadiria kwamba majimbo ambayo wafanyakazi wake hawakuwa na likizo hiyo kabla yaliepuka wagonjwa wapya takriban 400 kwa siku kila moja. Na London, utafiti wa muda mrefu wa watumishi wa serikali uitwao Whitehall II ulionyesha, mwaka 2005, kwamba wanaume wenye afya mbovu ambao hawakuchukua hata siku moja ya kuumwa walipatwa na matukio mazito ya moyo mara mbili ya wenzao waliopumzika kiasi. Sifa ya "huyu haumwi kamwe", ambayo hapa kwetu huzawadiwa pakiti ya sukari kwenye sherehe ya Mei Mosi, ina gharama ambayo daftari halioni.

Nikija kwenye ile posho ya Sh30,000, hapa ndipo waraka ulipo dhaifu kabisa, japokuwa ndicho kipengele kinachopendwa na wote. Inaonekana kama haki: anayekuja analipwa zaidi. Watafiti wa Ujerumani, Jakob Alfitian, Dirk Sliwka na Timo Vogelsang, waliijaribu katika msururu wa maduka ya rejareja kwa vijana zaidi ya 300 wanaojifunza kazi, baadhi ya maduka yakipewa posho ya mahudhurio na mengine yakiachwa yalivyo. Penye posho ya fedha, kukosa kazi kulipanda kwa takriban asilimia 45. Maelezo yao yana mantiki hata Vingunguti: ukimlipa mtu ziada kwa kuja, umemwambia kwamba kuja si wajibu wa kawaida, na hasa umemwambia hivyo kijana mpya ambaye bado hajajua desturi ya mahali. Ongeza hesabu ya kwetu. Sh30,000 ni zaidi ya mshahara wa siku mbili. Mtu akishikwa na tumbo tarehe 4, posho ya mwezi mzima imekwenda, na kuanzia tarehe 5 hadi 30 waraka hauna cha kumtishia. Mwajiri amenunua mahudhurio ya siku tatu. Kwa ambaye hajaipoteza, posho inamwambia avae miwani ya jua.

Kuna hoja nzito zaidi za waajiri, na zinastahili jibu tofauti. Ya kwanza ni ya mwajiri mdogo. Kwetu mshahara wa mgonjwa unatoka mfukoni mwa mwajiri, siku zote 126. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unahusika tu na ajali na magonjwa yanayotokana na kazi, na ukiugua kifua kikuu au figo nje ya hapo, mzigo unabaki dukani. Ujerumani mwajiri hubeba wiki sita, kisha mfuko wa bima ya afya unapokea. Mwenye duka la vifaa vya umeme Kariakoo mwenye wasaidizi watatu, mmoja akivunjika mguu kwenye bodaboda siku ya Jumapili, anadaiwa mishahara ya siku 63 kamili na 63 za nusu, na bado anahitaji mtu wa kushika kaunta. Huyo analia kilio cha kweli, na nikimsikia anasema sheria ni nzito namwelewa. Lakini kilio chake ni cha siku ya 20 na ya 50, wala si cha siku ya kwanza. Suluhisho lake ni mfuko wa pamoja wa kuugawana ugonjwa mrefu, jambo ambalo wenye viwanda wakubwa, wenye sauti mezani, hawalipiganii kwa sababu wao wanaweza kulibeba.

Ya pili ni ED za kununua. Zipo, na kila ofisa utumishi anajua zahanati mbili tatu ambazo muhuri wake hauna uchovu. Ya tatu ni Jumatatu, hasa ile inayofuata mechi ya watani wa jadi, ambapo nusu ya waliofungwa huugua na robo ya walioshinda hawajalala. Sitakataa. Ila soko la ED za bandia linaishi kwa sababu siku moja ya uongo na siku moja ya kweli zote zinadai karatasi. Ondoa sharti la karatasi kwa siku moja na muuzaji anapoteza wateja wake wa kawaida. Na Jumatatu inaonekana kwenye daftari bila ED yoyote, mtu yuleyule, siku ileile, mara ya nne. Msimamizi mwenye kalamu anaweza kumwita na kumuuliza. Kumlazimisha mtega kazi huyo alete karatasi kunamgeuza kutoka mtoro wa siku moja kuwa mgonjwa halali wa siku tatu.

Hoja dhaifu kuliko zote ni kwamba siku 126 zinazaa uvivu. Kama ingekuwa kweli, tungeona tofauti kubwa kati ya wenye mikataba na vibarua wa kutwa, wale deiwaka wanaopanga foleni getini saa kumi na mbili asubuhi na kulipwa jioni. Hawana hata siku moja ya kuumwa yenye malipo. Sheria inamwondoa kwenye likizo ya malipo aliyefanya kazi chini ya miezi 6, na ingawa inataka vipindi vya kazi kwa mwajiri mmoja vijumlishwe ndani ya mwaka, nani anamjumlishia kibarua? Muulize msimamizi yeyote wa zamu kama vibarua wanakosa kazi kidogo kuliko wenye mikataba. Atacheka. Kibarua akiugua hapotei siku tatu, anapotea moja kwa moja, na kesho yake anafundishwa mtu mpya ambaye ataharibu mali kwa wiki nzima. Kutokulipwa hakujamfanya awe mzima. Kumefanya ukosefu wake usionekane kwenye hesabu za utumishi, kwa kuwa getini nafasi yake ilijazwa.

Tena kuna ugonjwa ambao hauko mwilini mwa mfanyakazi. Kifungu cha 34 kinampa mzazi siku 4 za malipo mtoto wake akiugua au akifariki, na siku hizohizo 4 ndizo za msiba wa mwenzi, mzazi, babu, bibi, mjukuu au ndugu. Nne kwa jumla, katika miezi 36, matukio yawe mangapi vyovyote. Mwenye mtoto wa miaka miwili Mbagala anajua siku nne zinaisha kabla ya masika ya kwanza. Baada ya hapo mama anafanya nini? Anampeleka mtoto zahanati, na akiwa pale anaomba ED kwa jina lake. Sehemu ya zile "malaria, UTI" za faili langu zilikuwa homa za watoto, na akina mama wenyewe waliniambia nilipoondoka pale, si nilipokuwa na faili mkononi. Ukiibana ED ya mama huyo, mtoto bado ana homa, na bado hakuna mwingine wa kumshika.

Kinachofaa kufanyika hakihitaji Bunge kwa kuanzia. Sheria inasema mwajiri "halazimiki" kulipa bila cheti, haimkatazi. Afrika Kusini, ambayo nayo ina mzunguko wa miezi 36 kama wetu, inaruhusu mwajiri kudai cheti pale tu mtu anapokosa kazi zaidi ya siku mbili mfululizo, au zaidi ya mara mbili ndani ya wiki nane. Hicho kipande cha pili ndicho kinachomnasa mtu wa Jumatatu. Kiwanda cha Barabara ya Nyerere kingeweza kuandika waraka mwingine kwa karatasi ileile: siku moja au mbili bila ED, zisizozidi sita kwa mwaka, mradi umpigie msimamizi kabla ya zamu kuanza; ukirudi, mkae dakika tano mzungumze; ukizidisha, cheti. Kitapoteza siku kadhaa kwa watakaoichezea nafasi hiyo, ushahidi wa Gothenburg unanilazimisha kukiri. Kitaokoa siku mbili kwa kila aliyekuwa anaumwa moja na kuchukua tatu. Kwa faili nililolishika, sina shaka upande gani ni mzito. Na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 ikishika kasi, sharti la karatasi tangu siku ya kwanza litazidi kuwa ghali kwa nchi: mwenye kadi hatalipia, kwa hiyo kila mafua ya Tandika yatakwenda kupanga foleni kutafuta muhuri, mbele ya mwenye nimonia.

Kichekesho ni kwamba wasimamizi wengi wa zamu wanafanya hivi tayari, kimyakimya. Simu inaingia saa kumi na moja, "bosi, leo mwili hauko sawa", na jibu ni "lala, kesho uje mapema, nitajua la kufanya". Kesho mtu anakuja, analipiza saa zake, kazi inaendelea, na daftari linaonyesha alikuwepo. Mfumo mzuri, isipokuwa unategemea unapendwa na nani. Waraka mpya umewaambia wasimamizi kwamba mashine ya alama za vidole haidanganywi. Niliporudi pale wiki mbili baada ya kubandikwa, msimamizi mmoja alinionyesha droo yake. Mlikuwa na ED tano za wiki ile, kutoka kwa watu ambao kwa miaka miwili hawakuwahi kumletea hata moja. Zote za siku tatu.